Mtungi Utokao Jasho

Mwezi wa 9, masomo yanapoanza, nchi ya Katanga ni kavu. Mvua haijanyesha tangu mwezi wa 4 au wa 5. Nyasi zimechomwa moto, upepo wachukua vumbi jekundu, na karibu na saa sita mchana jua la Lubumbashi lapiga mabati ya shule mpaka yanalia. Ndani ya darasa wameketi watoto wengi. Asubuhi walitembea mwendo mrefu, na saa ya kupumzika walicheza mpira uwanjani. Sasa mwalimu aandika hesabu ubaoni, na kumbe nusu ya watoto wasinzia. Mmoja ashika kichwa. Mwingine asoma mstari ule ule mara tatu. Je, ni wavivu? Hapana. Wana kiu, na wengine hata hawajui kama wana kiu.

Nje, barazani, vimewekwa vyombo viwili vya maji. Cha kwanza ni bidoni ya plastiki ya rangi ya manjano, kama zile zinazoonekana kila mahali. Cha pili ni mtungi wa udongo, mnene, wenye shingo fupi na kifuniko cha mti. Maji ya vyombo hivi ni ya kisima kimoja, yalichotwa asubuhi saa moja. Mtoto anywaye ya bidoni akunja uso: ni ya vuguvugu, tena yana harufu ya plastiki. Anywa kidogo, aacha. Anywaye ya mtungi ashusha pumzi, ataka tena. Maji yale yana baridi kama ya chemchemi.

Ndani ya mtungi hamna barafu, wala hakuna waya wa umeme. Ni nini basi kilichoyapoza maji?

Pitisheni mkono juu ya tumbo la mtungi. Ni mbichi, kama ngozi ya mtu aliyetoka kulima. Watu wengine wakiona hivi husema: Mtungi huu wavuja, ni mbovu. Wakosa. Ule unyevu ndio unaofanya kazi yote. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Maji hupita humo polepole, yakafika nje, na huko hewa kavu huyachukua. Na maji hayawezi kugeuka kuwa mvuke bila kula joto. Jikoni joto hilo hutoka katika moto. Hapa hakuna moto, basi maji yanayokwenda hewani huliteka joto katika udongo na katika maji yaliyobaki ndani. Yanayokwenda hubeba joto, yanayobaki hupoa.

Kila mtoto aweza kujaribu hayo mara moja. Apakae mate mgongoni mwa mkono mmoja, mkono wa pili auache mkavu, kisha apulize yote miwili. Pumzi ni moja, lakini mkono wenye mate wahisi baridi. Au achukue chupa mbili za maji, moja aivike kitambaa kilicholowa, azitie zote mbili kivulini penye upepo. Baada ya saa mbili aonje.

Nguvu ya jambo hili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kikombe kimoja cha robo lita kikikauka chote, joto kilichobeba latosha kupunguza digri 10 katika lita 14 za maji. Kwa kweli hesabu haitimii yote, kwa sababu hewa ya nje hurudisha joto kila dakika. Hata hivyo siku ya digri 32 maji ya mtungi mwema yaweza kushuka kwa digri 8 au 10. Mtungi hulipa kodi ndogo ya maji, nao hupata baridi ya mchana kutwa.

Lakini kazi hii yataka hewa kavu yenye kupita. Kwa hiyo mtungi ni hodari Katanga wakati wa kiangazi, na mvivu wakati wa masika. Huko Kindu au Kisangani, penye misitu na mito mikubwa, hewa imekwisha kushiba maji. Haina nafasi ya kuchukua mengine, na mtungi hupoza kidogo tu. Hivyo hivyo nguo zilizofuliwa hukauka upesi katika mwezi wa 8, na katika mwezi wa 1 zanuka ubichi siku mbili. Sababu ni ile ile. Tena mtungi ukifichwa pembeni mwa chumba kilichofungwa, hufa nguvu. Mahali pake ni kivulini, penye upepo, juu ya mafiga matatu au juu ya kiti cha miti, ili hewa ipite hata chini. Wako watu wanaopaka mtungi wao rangi ya mafuta ili upendeze mbele ya wageni. Umependeza, ndiyo, lakini vitundu vyote vimezibwa, na wageni hunywa maji ya moto.

Sasa mtazameni yule mtoto aliyecheza mpira. Paji la uso lameta, shati limeshika mgongo. Naye atoka jasho kama mtungi, na kwa shauri lile lile: jasho likikauka juu ya ngozi hubeba joto la damu, mwili usipate kuungua. Mtu ni mtungi utembeao. Mtoto wa kilo 30 ana lita 18 hivi za maji mwilini mwake, katika damu, katika nyama, hata katika mifupa. Na mtu mzima afanyaye kazi nzito juani aweza kutoa lita nzima ya jasho kwa saa moja.

Hapa ndipo penye hatari. Mtungi wa udongo ukipungua, mtu huona, huujaza. Mwili ukipungua, nani aona? Kiu ni mjumbe, lakini mjumbe mchelewaji. Mtoto yule wa kilo 30 huanza kuona kiu akiwa amekwisha kupoteza maji ya kikombe kimoja au viwili. Akipoteza zaidi ya nusu lita, miguu huwa mizito, kichwa huuma, na hesabu alizozijua jana zamkimbia. Mwalimu amkemea bure. Akipoteza lita tatu, sehemu moja katika kumi ya uzito wake, yu karibu na kufa.

Kuna mjumbe mwingine, naye hasemi uwongo: mkojo. Ukiwa mweupe au wa manjano hafifu kama majani makavu, mwili una maji ya kutosha. Ukiwa mchache, mzito, wa rangi ya chai, mwili waomba maji. Watu huona haya kusema habari hii, lakini mama mwenye busara huwauliza watoto wake. Mtoto wa miaka 9 au 10 yampasa kunywa lita moja na nusu hivi kwa siku, na zaidi siku za jua kali au za mchezo. Asizinywe zote kwa mara moja kama ng'ombe mtoni. Kikombe asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, kingine wakati wa mapumziko, kingine akifika nyumbani, na hivi mpaka jioni. Uji, mchuzi, machungwa na mapapai nayo yana maji, yasaidia.

Je, yafaa kunywa maji yoyote? La. Hapa mtungi waingia katika habari iliyo nzito kuliko baridi na joto.

Kando ya ziwa Tanganyika, huko Uvira na Kalemie, na katika vijiji vya maziwa ya Lualaba upande wa Bukama, ugonjwa wa kipindupindu, ambao wengi huuita kolera, umerudi mara nyingi. Vidudu vyake hukaa majini. Mtu mgonjwa huvitoa kwa choo chake, vikaingia ziwani, mtoni au kisimani, na mwingine akavinywa. Mgonjwa huharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, huweza kupoteza lita moja kwa saa, na akikosa dawa aweza kufa kabla ya siku kuisha. Mwaka 1994, mwezi wa 7, wakimbizi mamia ya maelfu kutoka Rwanda waliingia Goma. Maji safi hayakuwako, wakateka ziwa Kivu. Katika mwezi wa kwanza watu karibu 50,000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Walikufa kwa kukauka, nao walikuwa kando ya ziwa kubwa lililojaa maji.

Kila mtu ajua dawa ya maji mabaya: kuyachemsha. Yakitokota kwa nguvu dakika moja, vidudu vimekufa. Juu ya milima mirefu yaachwe dakika tatu. Mama amekata kuni, amechemsha, ameyafunika. Saa nne mtoto arudi anakimbia, ana kiu. Maji ya mama ni ya moto bado, hayana ladha. Kule bondeni kijito chapita, baridi, cha kumetameta. Mtoto anywa wapi? Kazi yote ya mama yapotea kwa sababu moja ndogo, ya kuwa maji safi si matamu kinywani na maji mabaya ni matamu.

Mtungi hulimaliza shauri hili. Maji yaliyochemshwa jioni, yakaachwa yapoe, yakamiminwa mtungini usiku, kesho yake yashinda kijito kwa baridi, na ladha yake yarudi. Mtoto hapendi kuambiwa habari ya vidudu, lakini apenda maji baridi, na nyumba yenye mtungi wa maji yaliyochemshwa haina haja ya kumfukuza kijitoni kwa fimbo. Faida ya mtungi hiyo ndiyo kubwa. Jambo moja lisisahauliwe: baridi haiui kidudu hata kimoja. Maji yakiingia mtungini ni mabaya, yatatoka mabaya, tena yenye kuvutia.

Na yakiingia mema, yaweza kuharibika mle mle. Tazameni watu wanywavyo. Wa kwanza achovya kikombe, na vidole vyake vinne vyaingia pamoja. Wa pili alikuwa akishika mbuzi. Wa tatu ametoka chooni, hakunawa. Hata jioni mtungi umeosha mikono ya kijiji kizima. Wengi walioshangaa kuugua, na maji waliyachemsha vizuri, waliugua kwa njia hii.

Tena kuna kikombe cha wote. Zamani katika Marekani, ndani ya magari moshi na mashuleni, maji ya kunywa yaliwekwa pamoja na kikombe kimoja cha bati, mara nyingi kimefungwa kwa mnyororo kisiibwe. Wote walikinywea, wazima na wenye kifua kikuu. Mwaka 1909 jimbo la Kansas, kwa bidii ya daktari Samuel Crumbine, lilikikataza kikombe hicho, na majimbo mengine yakafuata. Watu walinung'unika kwanza. Kisha wakazoea kuchukua kila mtu kikombe chake.

Basi mtungi wa shule uwe na shingo nyembamba, mkono usipite, maji yamiminwe kwa kuuinamisha; au mfinyanzi auache tundu chini, itiwe robine ndogo. Robine ndiyo bora, kwa maana hata mtoto wa darasa la kwanza aweza kuifungua bila kugusa maji. Pasipo robine, uwepo upawa mmoja wenye mpini mrefu, utundikwe msumarini, usilale chini, wala asiunywee mtu. Kila mtoto aje na kikombe chake. Na kifuniko kirudishwe kila mara, kwa kuwa nzi na vumbi la mwezi wa 9 havingoji ruhusa.

Itokeapo mtoto mdogo ameanza kuharisha, hesabu ya mtungi yageuka kuwa hesabu ya maisha. Mtoto mchanga wa kilo 6 akipoteza maji zaidi kidogo ya nusu lita, amefika mpakani mwa kufa. Macho hutumbukia, mdomo hukauka, alia bila machozi. Ngozi ya tumbo ikivutwa hairudi upesi. Wazee wengi walidhani mwenye kuharisha asipewe maji, eti yatamzidishia. Dhana hiyo imewazika watoto wengi. Tumbo lenye kuharisha laweza kupokea maji, ikiwa yana sukari kidogo na chumvi kidogo, kwa sababu sukari hufungulia chumvi mlango, na maji huifuata chumvi. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis alikuwa Bongaon, India, katika kambi ya wakimbizi wenye kipindupindu. Maji ya dawa ya kutia mshipani yalikwisha. Akawapa jamaa za wagonjwa maji yenye sukari na chumvi wawanyweshe kwa vikombe, na wauguzi wa watoto wakawa mama na shangazi zao. Hapo kwanza, kati ya wagonjwa 100 walikuwa wakifa kama 30. Baadaye wakafa 4 hivi tu.

Kipimo chake ni hiki: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visiwe na kilima juu. Chumvi ikizidi ni hatari, afadhali mama aonje: yasipite machozi kwa chumvi. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo kwa kijiko, hata akitapika. Ngojeni kitambo, mrudie. Mwenye kunyonya aendelee kunyonya. Na wakati huo huo achukuliwe kituo cha afya, ambako hupewa pakiti zilizopimwa tayari. Mgonjwa wa kipindupindu akitibiwa mapema, ni nadra kufa: hata mmoja katika 100 hafiki.

Mjini, katika maofisi na mabenki, mtungi umepata ndugu. Ni mashine nyeupe, imesimama pembeni, yabeba kichwani chupa kubwa ya lita 19 hivi. Mtu abonyeza, maji ya digri 10 au chini yake yatoka. Wafanyakazi husimama hapo kuzungumza kidogo, na bila kujua hunywa mara nne au tano kwa siku. Wengi huidhani kuwa ni kitu kigeni kabisa. Kumbe siri yake ni ya mtungi. Ndani ya mabomba yake kuna maji ya namna nyingine, yageukayo mvuke kwa wepesi sana. Yakigeuka hula joto la maji ya kunywa, kisha mota huyakamua, yakawa maji tena, na joto hutupwa nyuma ya mashine. Wekeni mkono nyuma ya friji yoyote, mtaliona joto hilo. Tofauti ni mbili: mashine hupoza hata wakati wa masika, nao umeme ukikatika hugeuka kuwa kabati. Mtungi haujui habari ya umeme. Na robine ya mashine, kama haikuoshwa, ni chafu sawa na upawa uliolala chini.

Ufundi wa udongo katika nchi ya Katanga ni wa kale sana. Kando ya ziwa Kisale, mahali paitwapo Sanga, mwaka 1957 na 1958 wataalamu walifukua makaburi ya watu wa zamani, wakakuta vyungu vingi vilivyofinyangwa vizuri, vingine vya miaka 1,000 iliyopita. Katika vijiji vingi kazi hii ni ya akina mama. Mfinyanzi huchimba udongo bondeni, auponda, aondoa mawe na mizizi. Kisha atia mchanga, au vigae vya mitungi ya zamani vilivyotwangwa, ili udongo usipasuke motoni. Aujenga mtungi kwa mikanda ya udongo, mkanda juu ya mkanda, aulainisha kwa kigae au jiwe la mtoni. Mtungi hukaushwa kivulini siku nyingi. Mwenye haraka huona nyufa. Mwisho huchomwa juu ya ardhi kwa kuni, nyasi na maganda ya miti. Ukigongwa kwa kidole hulia kama kengele. Ukitoa sauti ya kibuyu kilichopasuka, haufai kwa maji, hutiwa mbegu.

Mtungi mpya hujazwa maji mara mbili tatu na kumwagwa, mpaka uache harufu ya udongo. Baadaye kila juma moja uoshwe ndani kwa maji yaliyochemshwa na brashi safi, bila sabuni, kwa kuwa vitundu huimeza sabuni na kuirudisha katika maji ya kunywa. Baada ya miezi kadhaa baridi hupungua. Chokaa ya maji na uchafu vimeziba vitundu. Hapo husuguliwa nje na ndani kwa mchanga safi, huanikwa juani siku nzima mpaka ukauke kabisa, nao huanza tena kutoka jasho. Ikiwa umezeeka hata kusugua hakufai, au mtoto ameuangusha akikimbilia kunywa, vigae vyake hurudishwa kwa mfinyanzi, akavitwange katika udongo wa mtungi mwingine.